Mstari kwa Fundi Viatu

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu nitakutukana, wewe utakata, halafu tutanuniana mpaka mwaka uishe. Unakumbuka sheria ya mama tulipokuwa wadogo: anayetaka kugombana akae chini aandike, wewe chumba cha mbele, mimi jikoni, na yeye ndiye tarishi wa kupeleka karatasi. Leo tarishi yuko wodini na nyonga imevunjika. Barua hii naiacha kwa fundi viatu pale chini ya mlima. Dereva wenu wa ofisi akipita kuchukua viatu vya mkubwa wako ataichukua.

Kwamba mama ameanguka umeshaambiwa. Hukuambiwa nilivyomkuta. Nimerudi kutoka kazini jana jioni, naona mtu amekaa chini kwenye kona ya ukuta wetu, nje ya lango, mgongo ukutani, mguu mmoja umegeukia upande usio wake. Pembeni imelala baiskeli ya umeme, zile za kijani za kukodi kwa simu. Nikamuuliza, mama, nini? Akasema, "Imeachwa njiani, sikuiona." Hakulia. Alichoomba ni nimfunike miguu majirani wasimwone.

Unajua macho yake yalivyo siku hizi. Mtu mzima, mwenye macho hafifu, anatoka nje ya lango lake mwenyewe na kuvunjwa na chombo cha mtu asiyemjua!

Na usije ukanifundisha kwamba hizo baiskeli nazitumia mwenyewe. Nazitumia, ndiyo. Zamu ya kufua hospitalini inaanza saa kumi na mbili asubuhi na huku mlimani gari la kwanza linapita watu wameshachelewa. Tangu ofisi yenu ilipopitisha ule ukomo, kila mtaa baiskeli chache tu, alfajiri zimekuwa za kugombaniwa. Mimi nilikuwa na bahati. Kila nikifungua lango nakuta moja kwenye kona yetu, imeegemea ukuta, ambapo wenzangu hawaioni. Nilidhani kuna mpangaji wa jirani anarudi nayo jioni, nikawa namwombea dua. Kumbe huyo huyo ninayemwombea ndiye aliyemvunja mama. Nikimjua sijui nitamfanya nini.

Wewe umekaa hapo halmashauri miaka yote hii, una meza, una kompyuta, una mhuri. Fanya kitu. Ziondolewe langoni kwetu, hata leo.

Dadako

*

Jumatano, 5 Machi

Dada,

Nimetoka wodini sasa hivi. Mama amenishika mkono akaniambia nisiwafuatefuate watu wa baiskeli, ni bahati mbaya tu, na kwamba nimekonda. Unamjua. Hata akigongwa na lori atasema dereva alikuwa na haraka zake. Nimetoka pale na hasira usoni, hadi mlinzi wa getini akaniuliza kama nimefiwa.

Wewe unaona baiskeli moja kila asubuhi. Mimi naletewa zote mezani. Yuko asiyeona aliyejigonga kwenye skuta iliyolazwa mlangoni mwa benki. Yuko mama wa mapacha aliyelazimika kushuka barabarani na kigari cha watoto kwa sababu njia ya miguu imejaa vyuma vyao. Kampuni hizi ziliingia mjini bila hodi. Zilimwaga vyombo vyao mitaani, na tulipouliza kibali kiko wapi, zikatuambia hakuna sheria inayozikataza. Ilikuwa kweli, haikuwepo. Nimeshinda mwaka mzima naiandika hiyo sheria, na kila kifungu nikimaliza wananiletea mwanasheria mwenye tai kunieleza kwa nini hakifai.

Leo meneja wao amekuja ofisini kuhusu mama. Hakuomba radhi. Alisema kwa mujibu wa masharti yao mwenye dhamana ni mteja wa mwisho. Halafu, sikia hili, akathubutu kuniambia kwamba mitambo yao inaonyesha baiskeli ile iliegeshwa kihalali kwenye tangi la maji, juu kule, wala si langoni kwetu. Ananidanganya kavukavu! Kwa hiyo ilijitembeza yenyewe hadi kwa mama? Nilimwonyesha mlango. Mkuu wangu alisema nimemkosea adabu, nikamwambia amshukuru Mungu nimeishia kwenye adabu.

Umesema nifanye kitu. Niachie mimi.

Mdogo wako

*

Jumanne, 22 Aprili

Mdogo wangu,

Kwa fundi viatu kuna nini?

Jana narudi na baiskeli, nimepanda nayo vizuri kutoka hospitali, nafika pale kwenye kibanda cha fundi inakata. Kufa kabisa. Simu inaniandikia: "Umefika mwisho wa eneo la huduma. Tafadhali rudi nyuma." Nirudi nyuma niende wapi, na kwetu ni juu? Nikaisukuma. Unajua uzito wake mota ikizimwa? Mbele yangu kulikuwa na mwalimu wa chekechea anasukuma yake, nyuma yangu fundi bomba na mfuko wa spana, sote tunahema tu, hakuna anayemsemesha mwenzake. Juu kule simu haikubali kuifunga, inasema hapa ni marufuku kuegesha. Ikabidi niteremke nayo tena hadi kwa fundi ndipo ikakubali.

Hayo yangu si kitu. Mama amerudi nyumbani wiki ya pili sasa, na hospitali inamletea yule dada wa mazoezi wa kumfundisha kutembea upya. Anakuja na begi la mikanda na vyuma vyake, kwa baiskeli hizo hizo, maana ana wagonjwa mji mzima. Leo kafika amelowa jasho, kakaa kidogo tu, mgonjwa mwingine anamsubiri. Mama alikuwa ameshavaa, amekaa kitandani na viatu miguuni tangu asubuhi.

Nani kachora huo mstari? Niambie jina lake.

Dadako

*

Alhamisi, 24 Aprili

Dada,

Pole kwa kusukuma. Ni amri ya muda ya halmashauri. Mlima wote, kuanzia kona ya fundi viatu, umekuwa eneo la marufuku kwa baiskeli na skuta za kukodi. Kampuni zinalazimika kuzizima mota kwa mtambo wao, ndiyo maana inakata pale. Juni madiwani watapiga kura kama iwe sheria ndogo ya kudumu. Mimi ni mtumishi tu, nachakata makaratasi.

Lakini nikuulize, Dada, ulitaka nini? Barua yako ya Machi ninayo. Uliandika "ziondolewe, hata leo". Zimeondolewa. Toka nje uangalie, njia ya mama ni nyeupe toka langoni hadi tangini. Hakuna chuma hata kimoja. Nilidhani ungefurahi.

Kuhusu dada wa mazoezi, hospitali ina magari. Waulize.

Mdogo wako

*

Ijumaa, 9 Mei

Bwana Ramani,

Leo sikuiti mdogo wangu.

Tunakunja mashuka, redio iko juu ya kabati kama kawaida, nasikia sauti. Nikawaambia wenzangu, huyu mimi namjua. Ukasema, na sauti yako ya mikutano: "Mstari ule niliuchora mwenyewe, kwa mkono wangu, mama yangu akiwa chumba cha upasuaji." Ukaendelea, mama mmoja mzee, mwenye macho hafifu, langoni mwake, chombo kilichotelekezwa. Mtangazaji akakupa pole. Wenzangu wakanigeukia wakanipa pole. Mimi nimeshika shuka sijui niliweke wapi.

Mtumishi tu! Unachakata makaratasi! Ulinitazama machoni kwenye karatasi ukanificha. Nilikuomba jina la aliyechora, na jina ulikuwa nalo wewe.

Na umechoraje? Kwa hasira, kwa rula, bila kutoka kwenye kiti. Mstari wako umepita katikati ya kibanda cha fundi viatu. Anatuambia mguu wake wa kushoto ni halali, wa kulia ni marufuku, na wateja wanacheka, lakini kicheko chenyewe kinaisha mtu akikumbuka kwamba bado ana mlima wa kusukuma. Lini mara ya mwisho umepanda mlima huu? Mama ulimwona wodini. Nyumbani hujafika. Kitanda chake tumekihamishia chumba cha mbele, kile chako cha kuandikia barua za ugomvi, na wewe hujui.

Hospitali nimeiuliza, kama ulivyonifundisha. Gari ni moja na ni la wagonjwa wa moyo. Dada wa mazoezi wamempunguzia siku za kuja kwetu, kwa sababu kupanda na kushuka kwa miguu kunamla muda wa watu wengine. Simlaumu. Alikuwa anakuja mara tatu kwa wiki, sasa akijitahidi ni mara moja, na juzi hakuja. Daktari ametuambia wazi, mama asipotembea ifikapo katikati ya mwaka nyonga itakaza, na itakapokaza ndiyo basi, maisha yake yaliyobaki ni ya kitandani. Mama yetu! Aliyekuwa anapikia shule nzima na kurudi nyumbani kutukimbiza na mwiko!

Sikuombi ufute sheria yako. Weka kituo kimoja cha kuegesha, pale kwenye tangi la maji, kilichochorwa, chenye vyuma vya kufungia, na uiache mota ifike hapo. Kimoja tu. Kwa hiyo kalamu uliyochorea.

Dadako, kwa sasa

*

Jumanne, 13 Mei

Dada,

Ndiyo, nilichora mimi. Sikukuambia kwa sababu nilijua utanirukia, na umenirukia.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na kituo pale tangini. Nilikifuta. Nilikifuta siku ile meneja wao aliponiambia baiskeli ilikuwa tangini, kwa sura ile ya kunihurumia. Leo nikikirudisha, nimesema mbele ya mji mzima kwamba walikuwa wakweli na mama yangu ni mwongo. Unalitaka hilo?

Unawaona kama wanawapenda watu wa mlimani. Dada, kabla ya sheria yetu hawakuwa wanaleta baiskeli huko kabisa! Tuliwalazimisha sisi, kwa kifungu nilichoandika mimi, kwamba asiyepeleka vyombo vitongoji vya mbali hapati kibali cha katikati ya mji. Baiskeli uliyokuwa unapanda alfajiri alikuletea huyo unayemwita Bwana Ramani. Asante sijasikia. Na sasa wanapita kwa madiwani wakinong'ona kwamba sheria zangu zinawaumiza wanyonge. Juzi diwani mmoja alinikariria maneno yao neno kwa neno, hata koma hakubadilisha. Mkiniongezea na ninyi wa nyumbani, nitasimama na nani?

Nimemtaja mama mbele ya baraza. Walinisikiliza kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Nirudi niseme mama yule yule sasa anazitaka baiskeli?

Nitatuma gari la ofisi limpandishe dada wa mazoezi, Jumanne na Alhamisi. Hilo liko ndani ya uwezo wangu. Kura ikishapita tutakaa tuongee kama watu.

Mdogo wako

*

Jumanne, 27 Mei

Wanangu wawili,

Nasema mimi, anaandika dada wa mazoezi. Akiruka neno nitajua, kwa sababu nitamwambia anisomee tena. Gari la ofisi limemleta leo kwa mara ya kwanza, na dereva amesema ni ya mwisho, gari linatakiwa na wageni. Kwa hiyo badala ya mguu tumeamua kushughulika na ninyi.

Barua zako, mwanangu, ziko kwenye droo, nimesomewa zote. Zako, binti yangu, sina haja ya kusomewa, unaziandika kwa sauti. Tarishi wenu siku zote alisoma. Mlidhani nilikuwa nazipeleka tu?

Nina hasira. Miezi mitatu mnaandikiana kuhusu mguu wangu na hakuna hata mmoja aliyekuja kumuuliza mwenye mguu.

Hakuna mtu aliyeiacha baiskeli langoni kwangu. Niliileta mwenyewe.

Mlipoweka ukomo wenu, binti yangu alianza kutoka alfajiri anakimbia. Siku moja alirudi kidole cha mguu kinavuja damu, na msimamizi wake amemwandikia onyo la kuchelewa. Hakuniambia, lakini anaongea peke yake akifua soksi. Mimi nikawa naona jioni baiskeli zipo tangini, asubuhi hazipo, wenye miguu myepesi wamezibeba. Basi jua likielekea kuzama natoka, nachagua moja, nainyanyua kwa nyuma maana gurudumu lao la nyuma limefungwa, naitembeza pole pole hadi kwenye kona yetu. Inalia. Naipiga kofi la kiti, inalia, mwishowe inachoka. Wenye simu wanaitafuta tangini hawaioni. Asubuhi nakusikia unafungua lango na kusema alhamdulillahi, nami nageuka upande wa pili nalala. Nilifurahi sana siku hizo. Nilikuwa na kazi tena.

Nimebeba masufuria ya shule nusu ya maisha yangu. Siku ile ya Machi baiskeli ilinielemea, basi. Nikasema nimeikuta njiani kwa sababu ningesema kweli wewe, binti yangu, ungenipiga marufuku kutoka, na wewe, mwanangu, ungenihamishia kwako nikakae ghorofani naangalia paa za watu. Sikujua kama ningepelekwa redioni. Nilipokuambia usiwafuatefuate watu wa baiskeli, nilikuwa na maana yangu. Yule meneja alisema kweli. Simpendi, sijawahi kumwona, lakini alisema kweli, na ulimwonyesha mlango.

Sasa sikilizeni. Mwanangu, barua hii utaisoma barazani kabla hawajapiga kura. Yote, na hapo pa kofi la kiti. Sioni aibu tena. Aibu ni kukaa kitandani huku watu wananitetea.

Na mimi nashuka. Baiskeli ya dada inaishia kwa fundi viatu, basi mimi nitaishia hapo hapo. Ninayo fremu ya kutembelea, naijua njia kwa miguu, na fundi ameniwekea kiti. Dada atanifanyisha mazoezi pale kwenye mstari wako, wapita njia watazame wakitaka. Anayetaka kunikataza aandike barua.

Mama yenu

*

Jumatano, 28 Mei

Mdogo wangu,

Naiambatisha ya mama. Nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye kona ile ya ukuta. Nililia, kisha nikacheka pale pa kofi, kisha nikapandwa na hasira upya, na sijui hasira hiyo nimpe nani. Mtu niliyekuwa namwombea dua kila asubuhi alikuwa chumba cha pili.

Ameshashuka. Nilimfuata kwa nyuma bila yeye kujua, au alijua. Alichukua muda mrefu na alipofika alikaa kwenye kile kiti kama mwenyekiti wa mkutano. Dada wa mazoezi anasema mguu bado unasikia, tumewahi, lakini tusikose hata siku moja.

Tatizo ni pale kwenye mstari. Kila anayepanda inamkatikia hapo, na kila inayemkatikia anaitupa hapo hapo. Pamekuwa na lundo, baiskeli na skuta zimepandana toka kibanda cha fundi hadi ukingo wa barabara. Fundi anazisogeza asubuhi, mchana zimejaa tena. Mama anapita katikati yake na fremu, na macho yale. Yaani umeviondoa vyuma njia nzima ukavirundika mahali pamoja, na mahali penyewe ndipo mama anapopita.

Soma ile barua barazani. Sikutukani leo, nakuomba.

Dadako

*

Alhamisi, 12 Juni

Dada,

Kura imepita jana. Marufuku ni ya kudumu.

Sikusoma.

Nilikuwa nayo mfuko wa ndani wa koti. Nilisimama nikiwa nimeshaishika. Mwenyekiti, kabla hajanipa nafasi, akauliza, "Mama yetu anaendeleaje?" Nikasema anaendelea vizuri. Wakampigia makofi, Dada. Baraza zima, hata wale walionunuliwa chai na kampuni, wamesimama wanampigia mama makofi. Meneja alikuwa amekaa nyuma, ananiangalia. Nikaiachia barua ikarudi ndani ya mfuko, nikasoma hotuba niliyokuwa nimeiandaa.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Usinijibu, najua.

Sheria itapitiwa upya baada ya miezi sita. Hapo nitaleta marekebisho, na kituo cha tangini kitarudi kimya kimya, bila jina la mtu. Ndivyo mambo yanavyokwenda huku, huwezi kuvunja mlango. Kuhusu lundo nimewaandikia kampuni. Wanasema mstari ni wetu. Watu wetu wa usafi wanasema baiskeli ni za kampuni. Nimewapa hadi mwisho wa mwezi waelewane, vinginevyo faini.

Mwambie mama nimeisoma barua yake. Huo si uongo, nimeisoma mara nyingi.

Mdogo wako

*

Ijumaa, 20 Juni

Mdogo wangu,

Safari hii kweli ni baiskeli.

Jana asubuhi. Alikuwa amefika karibu kabisa na kiti chake, dada wa mazoezi amemwona, amempungia mkono. Juu ya lundo mtu alikuwa amerusha skuta, usukani wake umetokeza njiani. Mguu wa mbele wa fremu ukanasa pale. Alijaribu kuinyanyua, ndivyo alivyozoea, chuma kikileta shida yeye hukinyanyua, na lundo lote likamjia. Fundi viatu alitoka na nyundo mkononi akawa anazipiga moja moja kuzitoa juu yake huku analia. Zote zilikuwa zinapiga kengele. Mota mnajua kuzizima, kengele hamkuzizima.

Ni upande ule ule. Daktari amesema nyonga hiyo hawataifungua mara ya pili, umri hauruhusu. Hatatembea tena. Ametuambia koridoni, mimi na dada wa mazoezi, na dada akakaa chini sakafuni na sare yake. Wiki hii hii mama alikuwa ameanza kuachia mkono mmoja. Alikuwa anatuonyesha, anauachia, anautikisa hewani, anacheka.

Mwaka mzima umepigana na kampuni na sikatai kwamba ni wakorofi. Lakini hawakuwa nayo ile barua. Uliyekuwa nayo ni wewe. Ulikuwa na ukweli mfukoni, umeandikwa, umesainiwa na mama yako mzazi, ukaona heri makofi. Nakuchukia leo. Labda itapita, sijui, sina nguvu ya kukuahidi. Usinijibu kwa karatasi. Njoo wodini kwa miguu yako, na ukipitia kwa fundi viatu uangalie unapokanyaga, kwa sababu hadi naandika hii bado zimelala pale.

Nilichokataa ni kumwambia mama ulivyoniagiza. Nilimwambia kweli, kwamba ulisimama, ukawa nayo, wakampigia makofi, ukairudisha. Alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akaniambia nikuandikie, na akanifanya nimrudishie neno kwa neno:

"Mwambie mdogo wako arudi redioni. Aseme mama yake ameangushwa na chombo kilichotelekezwa njiani. Sasa hatakuwa anasema uongo."

Dadako